Chunusi za shangazi

“Mwanangu, hizi chunusi nimezipata lini?”

Shangazi alikuwa ameishika picha kwa mikono miwili, miwani imemshukia hadi kwenye ncha ya pua. Nilikuwa nimemwandalia zawadi: picha yake ya ujana, amekaa kwenye kiti cha mbao nje, nyuma yake anga tupu. Niliiskani mwenyewe kutoka kwenye negativi, nikakesha nikiifuta vumbi kwenye kompyuta, nikaichapisha kwa sentimita 20 kwa 25.

“Si chunusi, shangazi. Hizo ni punje za filamu. Filamu za zamani ndivyo zilivyo.”

Hakunibishia. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na fremu iliyochakaa kingo. Picha ileile, kutoka negativi ileile, iliyosafishwa studio kwa mashine ya kukuzia, zamani kabla mimi sijajua hata kushika kamera. Ukubwa wake karibu sawa na wa kwangu.

“Na hii mbona hazimo?”

Nikaziweka sambamba mezani. Ile ya zamani rangi zake zilikwisha anza kuelekea wekundu, lakini shavu lilikuwa shavu. Kwenye yangu shavu lilikuwa kama ukuta uliopigwa lipu ukaachwa bila kulainishwa. Anga nalo limemwagiwa mchanga.

Sikuwa na jibu.

## Mzigo nilioitwisha filamu

Sentensi ile, “ndivyo zilivyo”, nimeisema miaka mingi. Kila chenga niliyoiona kwenye skrini niliiita punje, na kila punje niliiandika kwenye deni la filamu. Hata nilijivunia. Watu wakisema picha zangu zina chengachenga, nawajibu kwamba hiyo ndiyo roho ya filamu, kama hawaipendi wabaki na simu zao. (Naomba radhi kwa wote niliowajibu hivyo.)

Tatizo ni kwamba nilikuwa najua, au nilipaswa kujua, kilichomo ndani ya mkanda wa rangi. Kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe ya kawaida, picha ni fedha yenyewe iliyobaki kwenye tabaka. Kwenye negativi ya rangi, fedha haipo. Katika usafishaji wa C-41, ambao Kodak waliuleta mwaka 1972 na ndio unaotumika hadi leo, kila fuwele ya fedha iliyopigwa na mwanga huzaa kijiwingu cha rangi kando yake, kisha fedha yote huyeyushwa na kuoshwa. Kinachobaki ni vijiwingu vitupu: upana wa mikroni chache (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kingo laini, vimelaliana tabaka juu ya tabaka, za samawati, za majenta na za njano.

Kwa hiyo kile tunachokiita punje si kitu kimoja unachoweza kukinyooshea kidole. Ni mahali ambapo vijiwingu vimejazana kwa bahati tu, au vimepungua kwa bahati tu. Ni kama kuutazama umati ukiwa kilimani. Huoni watu, unaona pale walipobanana.

Sasa nikalifungua faili la shangazi na kulikuza hadi pikseli moja ya picha ikae kwenye pikseli moja ya skrini. Punje zangu zilikuwa na kingo kali. Nyingine zilikuwa na pembe.

Wingu gani lina pembe?

## Mashine mbovu yamrudishia uso

Nina skana mbili. Moja ni ya filamu tupu, ya zamani kidogo, inaishia nukta 2700 kwa inchi, lakini lenzi yake ni kali na inajitafutia fokasi yenyewe. Nyingine ni ya kioo, ile unayolazia karatasi, yenye taa kwenye mfuniko kwa ajili ya negativi. Hii ya pili niliinunua kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye sanduku: 6400.

Nukta 6400 kwa inchi ni nukta 252 kwa kila milimita. Ili kuuona mstari mweusi na mweupe unaoufuata unahitaji angalau nukta mbili, moja kwa kila mmoja. Kwa hesabu ya sanduku, basi, mashine ile ingetenganisha jozi 126 za mistari ndani ya milimita moja. Nikaiwekea kioo cha majaribio kiitwacho USAF 1951, chenye vijistari vitatuvitatu vinavyozidi kuwa vidogo. Nikatazama vikipungua, kundi baada ya kundi. Kwenye kundi la tano, kipande cha tatu, bado nilivihesabu: moja, viwili, vitatu. Cha nne kilikuwa doa la kijivu.

Kundi la tano, kipande cha tatu, ni jozi 40 kwa milimita. Ukigeuza kuwa nukta kwa inchi unapata kama 2050.

Nilikuwa nimeula wa chuya.

Na sanduku halikusema uongo, hilo ndilo linaloudhi. Kipokezi, kile kinachosoma mwanga ndani ya mashine, kweli kinasoma nukta 6400 kwenye kila inchi. Lakini katikati ya negativi na kipokezi kuna kioo na lenzi, na lenzi ile inaleta taswira iliyokwisha lainika. Unapima ukungu kwa rula yenye milimita. Vipimo vinakuwa vingi, ukungu unabaki ukungu.

Kwa hasira nikailazia negativi ya shangazi. Nikaskani kwa namba ya juu kabisa, nikalipunguza faili hadi ukubwa wa kuchapia, nikalifungua nikitarajia kichekesho.

Shavu lilikuwa limetulia. Anga lilikuwa anga. Kope zilikuwa zimefifia kidogo, na ufumaji wa kitambaa cha kichwani ulikuwa umepotea, lakini chunusi zilipungua mno. Mashine iliyoona kidogo ndiyo iliyompa shangazi uso wake, na ile ya filamu niliyoitunza kama yai ndiyo iliyomharibu.

Nililala vibaya wiki hiyo.

## Gurudumu linalorudi nyuma

Kila mtu amewahi kuona gari kwenye filamu likienda mbele huku magurudumu yakizunguka kinyume. Au mtangazaji wa televisheni aliyevaa shati la mistari myembamba, na shati likaanza kucheza mawimbi ambayo fundi cherehani hakuyashona. Gurudumu halirudi nyuma. Kamera inalitazama mara chache mno kwa sekunde, kwa hiyo inaunganisha vipande visivyostahili kuungana na kukuletea mwendo ambao haukuwepo.

Kanuni hiyo ina jina la Harry Nyquist, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Marekani kwenye mambo ya simu. Andiko lake la mwaka 1928 lilihusu telegrafu, si picha, ila hesabu haijali. Chochote chembamba kuliko nusu ya kasi yako ya kupima hakipotei kwa adabu. Kinajikunja na kurudi kikiwa kimevaa sura ya kitu kinene zaidi. Wahandisi huita aliasi. Mimi nimezoea kusema punje mzuka.

Skana yangu ya nukta 2700 inapima kila mikroni 9.4. Mpaka wake ni jozi 53 kwa milimita. Picha yenyewe, maana yangu kope, kitambaa, nyufa za kiti, mara nyingi haiuvuki mpaka huo kwa ukali wowote, hasa ikiwa kamera ilishikwa mkononi. Lakini vijiwingu havina habari na mpaka. Vina mikroni chache tu, na mchanganyiko wao una kila ukubwa, kuanzia mabonge mapana hadi mitikisiko midogo kuliko pikseli. Ile midogo, lenzi kali inaifikisha salama salimini hadi kwenye kipokezi. Kipokezi hakijui cha kuifanyia, kwa hiyo kinaikunja na kuirundika juu ya punje za kweli.

Mtu atauliza: je, pikseli si ina upana, haifanyi wastani wa kilichomo ndani yake? Inafanya. Ila ni kichujio legelege. Pikseli isiyo na pengo kati yake na jirani, ikifika pale pale mpakani, bado inapitisha takriban asilimia 64 ya mtikisiko unaoingia, na ng’ambo ya mpaka inaendelea kupitisha kwa kupungua polepole.

Na kwa kuwa vijiwingu vimetawanyika ovyo, punje mzuka nazo hutawanyika ovyo. Shati la mistari hujifichua kwa mawimbi yake. Punje mzuka zinafanana na punje, ni nene tu na ni ngumu zaidi. Ndiyo maana nilidanganyika miaka yote hiyo.

Mashine ya kukuzia ya studio ile haikuwa na vyumba vya kupimia, yaani pikseli. Ilikuwa lenzi na karatasi. Kilichokuwa chembamba kupita uwezo wake kilififia tu, hakikurudi kwa jina jingine.

## Mara tatu

Maelezo mazuri hayanitoshi, nimeshawahi kuamini mengi yaliyokuja kuwa upuuzi. Nilitaka kuwakamata mizuka.

Nikaifunga fokasi isijitafute. Nikaskani negativi ya shangazi mara ya kwanza. Bila kugusa kitu, nikaskani mara ya pili. Kisha nikachomoa kishikio, nikausogeza mkanda upande, chini ya unene wa unywele, nikaurudisha, nikaskani mara ya tatu.

Wazo ni hili. Chenga za umeme wa mashine hubadilika kila unapoiamrisha, hata usiposogeza kitu. Punje za kweli ziko kwenye filamu, kwa hiyo zinakwenda na uso popote uendako. Punje mzuka si za mashine peke yake wala si za filamu peke yake. Ni za mkutano wao, za pale ambapo vyumba vya kupimia vimeangukia. Ukisogeza mkanda, mkutano unavunjika.

Nikakata kipande kidogo cha shavu la kushoto kwenye kila faili, nikavibandika vyote vitatu kimoja juu ya kingine, nikawa nawasha na kuzima.

La kwanza na la pili shavuni yalikuwa karibu pacha. Kumbe umeme hauna hatia, angalau pale.

La kwanza na la tatu… nilirudia mara nyingi kwa kutoamini. Bonge moja kubwa chini ya jicho lilibaki. Mengine mawili karibu na pua yalibaki, sura zimebadilika kidogo. Lakini ile sehemu yenye lipu, ile iliyomfanya shangazi aulize, ilikuwa imepangika upya. Palipokuwa na nukta ya giza pana nukta angavu. Msururu wa nukta nne uliokuwa kama mkwaruzo haupo. Ngozi ya mtu haipangiki upya kwa kusogeza mkanda.

Niseme wazi kwamba jaribio hili halikuwa la maabara. Sikusogeza kwa kipimo, na kuzilinganisha picha zilizopishana kwa sehemu ya pikseli kuna utata wake. Pia punje za kweli zilikuwemo, tena nyingi. Sidai kwamba filamu ni safi kama maji. Nadai kwamba nilikuwa nikiisomea mashtaka ya watu wawili.

Kuna nukta moja kidevuni ambayo haikuhama hata kidogo katika faili zote tatu. Nilidhani ni vumbi. Nikaiandika pembeni niifute baadaye.

## Bluu, na kisanduku chenye tiki

Angani mambo yalikuwa tofauti. Pale hata faili la kwanza na la pili hayakufanana, na nilipotenganisha rangi nikaona vurugu yote iko kwenye bluu.

Hili linaeleweka ukiishika negativi mbele ya dirisha. Ina rangi ya chungwa, barakoa ambayo watengenezaji waliiweka makusudi kurekebisha upungufu wa rangi zenyewe, na barakoa hiyo inazuia zaidi mwanga wa bluu. Juu ya hapo, anga la bluu kwenye negativi ni njano nzito, na njano kazi yake ni kumeza bluu. Kwa hiyo pale palipo na anga, mwanga wa bluu unaofika kwenye kipokezi ni kiduchu, na chenga za umeme zinasikika juu yake kama redio isiyoshika stesheni. Kisha unageuza picha kuwa chanya. Negativi ya rangi imebanwa kwa makusudi, mwinuko wake, yaani jinsi tofauti za mwanga na giza zinavyokua, ni karibu 0.6, kwa hiyo ili ionekane ya kawaida lazima uinyooshe, na ukiinyoosha unanyoosha na uchafu wake wote. Hapa dawa ilikuwa rahisi: kuiamuru skana isome kila mstari mara kadhaa na kufanya wastani. Bluu ikatulia kiasi. Punje mzuka hazikutikisika, kwa sababu ukiwapima mizuka mara nane mahali palepale unapata wastani wa mizuka.

Halafu kuna jambo la aibu, na nilitaka kuliruka.

Kwenye programu ya skana, ukurasa wa tatu, chini, kuna kisanduku cha kuongeza ukali. Kilikuwa na tiki. Kimekuwa na tiki tangu siku nilipoiweka programu ile kwenye kompyuta. Kuongeza ukali maana yake ni kutafuta tofauti ndogondogo kati ya pikseli na jirani yake na kuzikuza. Miaka yote hiyo nilikuwa nikizichukua punje mzuka na kuzichonga pembe.

## Nukta 4000 na wasiwasi mpya

Rafiki mmoja aliniazima skana ya nukta 4000. Pikseli mikroni 6.35, mpaka karibu jozi 79, picha nzima ya negativi pikseli 5669 kwa 3780. Nikaskani kwa ukubwa wote, ukali umezimwa, kisha nikalipunguza faili kwa wastani wa kweli, si kwa kuruka pikseli, hadi ukubwa uleule wa lile la 2700.

Kama nilikuwa na hamu ya kupata undani zaidi, sikuupata. Kope ni zilezile. Kitambaa ni kilekile. Kilichobadilika ni shavu. Nukta za ziada hazikuniletea shangazi zaidi. Ziliipa punje nafasi ya kuwa nyembamba, kisha wastani ukazifuta zile ambazo hazikustahili kufika kwenye karatasi.

Sikuyajua haya mimi tu. Mafundi wa skana za pipa, zile zilizotumia mirija ya kukuza mwanga badala ya vipokezi vya kisasa, walikuwa wakichagua upana wa tundu la kusomea kwa mikroni. Punje zikiwasumbua wanapanua tundu. Walikuwa na kitasa cha jambo ambalo mimi nimelifikia kwa kumkera shangazi.

Wapo watakaosema niachane na skana, nipige negativi kwa kamera na lenzi ya karibu. Nimejaribu. Kwa ukubwa wa 1:1, yaani taswira kwenye kipokezi ikilingana na negativi yenyewe, tundu la lenzi la f/8 linafanya kazi kama f/16 iliyo finyu zaidi, na hapo mwanga wenyewe hupinda kiasi kwamba hakuna kinachopita jozi 113 hivi kwa milimita. Ajabu ni kwamba hicho ni kichujio cha bure. Nikifungua lenzi, ukali unapanda na mizuka inarudi, safari hii yenye rangirangi, kwa sababu kila pikseli ya kamera huona rangi moja tu na kukisia mbili zilizobaki.

Na hata nukta 4000 zina mpaka wake. Ng’ambo ya jozi 79 vijiwingu bado vipo, hafifu, bado vinajikunja. Nilipolitambua hilo nilikaa nikilitazama lile bonge chini ya jicho, lile lililobaki mara zote tatu, nikijiuliza ni la filamu kweli au ni la mpaka ambao bado sijaupima. Kwa jaribio langu, ni la filamu. Kwa usingizi wangu, sijui.

## Kidevu

Kabla ya kuchapisha nikarudi kwenye nukta ya kidevuni, ile ya kufuta. Skana ya filamu husoma pia mwanga usioonekana, ule ulio chini ya wekundu. Rangi za filamu ya C-41 zinaupitisha, vumbi haliupitishi, kwa hiyo kwenye usomaji huo unaona vumbi tupu bila picha. Nikaufungua. Kulikuwa na nyuzi mbili angani na mkwaruzo begani. Kidevuni hakuna kitu.

Nikaiacha.

Nilipompelekea picha mpya, shangazi aliilaza kando ya ile ya studio na kuzitazama kwa muda mrefu, bila kusema. Studio ilikuwa laini zaidi kidogo. Yangu ilikuwa na kope. Kisha akaweka kidole chini ya kidevu chake mwenyewe, upande uleule.

“Hii ya kwao hawakuitoa,” akasema. “Nilianguka kwenye ngazi, nina miaka sita.”

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena. Halafu akaniuliza negativi yake nimeiweka wapi, maana muda umepita na bado anaitaka.